Kode Ilikuwa Sahihi

Ilikuwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi hautoki na mitumbwi yote iko ziwani na taa zake. Usiku kama huo kila anayekausha ndagala Rumonge, Burundi, hulala mapema, maana alfajiri anatakiwa awe ameshasimama ufukweni na ndoo yake. Mama mmoja ninayemfahamu, jirani wa shangazi yangu, aliona simu yake imepoteza mtandao mnamo saa mbili usiku. Hakushtuka. Kwetu mtandao huondoka kama umeme unavyoondoka, na hurudi ukipenda. Akaiweka simu chini ya mto, akalala.

Alfajiri wavuvi waliingia. Alitaka kuwalipa kwa simu kama kawaida, simu bado imekufa. Mwenzake aliyesimama ubavuni mwake, mwenye laini ya kampuni ileile, alikuwa akiongea na mtu wa Bujumbura bila shida yoyote. Hapo ndipo roho ilipomruka. Duka la kampuni lilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni. Wakampa kadi mpya, wakaiwasha, akaangalia salio. Jana yake alikuwa na faranga 412,000. Zilibaki 9,000 na ushei.

Kijana wa dukani alisoma kwenye kioo cha kompyuta, kisha akamwambia kwa upole: “Mama, kode iliingizwa sahihi. Ni wewe, au ni mtu wa nyumbani kwako.”

Nimekaa miaka mingi upande wa meza unaopokea malalamiko ya namna hii. Sentensi ya yule kijana nimeisikia Bujumbura, nimeisikia Kigoma, na zamani nimewahi kuisema mwenyewe nikiamini kwamba nimejibu swali. Kampuni siitaji, kwa kuwa sentensi hiyo haina mwenyewe.

Tuikubalie kwanza kilicho kweli ndani yake. Mashine ilipokea tarakimu nne, na zililingana na zilizokuwa kwenye kumbukumbu yake. Zaidi ya hapo haijui kitu. Haijui kidole kilichobonyeza ni cha nani, haijui kama mwenye laini alikuwa macho au alikuwa amelalia simu iliyokufa. Tarakimu zikilingana, tumepata habari kuhusu tarakimu. Ridhaa ya mama ni habari nyingine, na haikai kwenye kompyuta ya duka.

Kumbukumbu za kampuni, mimi na mama tulipozipata baada ya wiki mbili za barua na kusubiri kwenye benchi, zilisimulia usiku ule kwa namna yake. Saa 1:50 usiku laini ya mama ilihamishiwa kwenye kadi mpya, Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kutoka kwenye mto alioulalia. Saa 2:20 namba ya siri ikabadilishwa. Saa 2:41 zikatoka 250,000, saa 2:44 zikatoka 150,000, zote kwenda namba moja. Kwa hiyo kijana hakusema uongo. Kode ilikuwa sahihi. Ilikuwa na umri wa dakika 21.

Wizi huu wa kurudisha laini ya mtu mwingine kwenye kadi mpya umeenea Afrika Mashariki yote, na tusiuchanganye na ndugu zake wawili. Kuna kosa la kidole: umetaka kumtumia kaka yako, umekosea tarakimu moja, hela imeenda kwa mtu usiyemjua. Kuna ulaghai: umetuma mwenyewe, kwa mkono wako, kwa sababu umedanganywa. Tanzania nzima inaijua meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”, inayotumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao kweli alikuwa anajiandaa kumtumia mtu kodi ya nyumba. Na kuna wizi wenyewe, ambapo mwenye laini hakufanya kitu. Mezani haya matatu hufika yamevaa nguo moja, “hela yangu imepotea”, na mpokeaji malalamiko mvivu huyajibu yote kwa jibu la kosa la kidole: mtafute uliyemtumia, muelewane. Umwambie mama wa Rumonge akaelewane na nani?

Kabla ya sisi kuwa na simu za kutumia hela, wenzetu walikwisha kupitia njia hii na mashine za benki. Mwaka 1992 polisi mmoja wa Uingereza, John Munden, alilalamika kwamba fedha zimetolewa kwenye akaunti yake kwa mashine na si yeye aliyezitoa. Benki ikashikilia kwamba mifumo yake haina dosari, kwa hiyo mwongo ni yeye. Munden akashtakiwa kwa kujaribu kuilaghai benki, akatiwa hatiani mwaka 1994. Aliachiwa kwenye rufaa mwaka 1996, baada ya benki kukataa mtaalamu wa upande wa Munden aikague mifumo ambayo ilidai haikosei. Mtaalamu huyo, Ross Anderson wa Cambridge, alikuwa ameshaandika mwaka 1993 jambo ambalo kila wakala wa mjini kwetu angemwambia bure: fedha za watu hazitoki kwa sababu kuna fundi aliyevunja hesabu za siri za benki. Zinatoka kwa uzembe wa kazi ya kila siku, na kwa mikono ya watu walio ndani.

Sheria zilizokuja kukomaa huko zinalijua hilo. Marekani, sheria yake ya mwaka 1978 inaiachia benki mzigo wa kuonyesha kwamba malipo yanayobishaniwa yaliidhinishwa. Mwongozo wa malipo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2015, katika ibara ya 72, unasema wazi kwamba kumbukumbu ya kutumika kwa chombo cha malipo si lazima itoshe peke yake kuthibitisha kuwa mwenye akaunti aliridhia. Ukisoma ibara hiyo ukiwa na kijana wa dukani akilini, utaona imeandikwa kwa ajili yake.

Na ukifikiri kidogo, ni hesabu tu ya nani ameshika ushahidi. Mama ana nini? Ana simu ya vitufe ambayo sanduku lake la meseji hujaa, hivyo hufuta za zamani ili mpya ziingie, na pamoja nazo hufuta namba za miamala. Kampuni ina saa na dakika ya kila tendo, ina duka lililorudisha laini na jina la mfanyakazi aliyeingia kwenye mfumo, inajua muamala ulifanyika kwenye simu ipi na chini ya mnara upi. Laini iliyolala kila usiku chini ya mnara wa Rumonge inaamka ghafla Bujumbura, ndani ya simu ambayo haijawahi kuingia, inabadilisha namba ya siri, na baada ya dakika 21 inatoa karibu kila kilichomo. Hahitajiki mpelelezi hapo. Anahitajika mtu wa kuifungua kumbukumbu na kuisoma kabla hajafungua mdomo. Kumwambia mama alete ushahidi ni kumwomba abiria atoe daftari la nahodha.

Kuna jambo ambalo watunga kanuni wa mijini hawalioni mpaka washuke barabara ya RN3 wafike sokoni kwetu. Muamala wa simu haufanyiki chumbani. Unafanyika juani, chini ya mwavuli wa wakala, katikati ya makarai ya samaki wa mukeke na madumu ya mawese, watu wanne wamesimama nyuma yako. Katika simu nyingi, ukiingia kwa ile menyu ya nyota na reli, tarakimu za namba ya siri hazifichwi kwa vinukta kama kwenye mashine ya benki. Zinakaa wazi kwenye kioo mpaka ubonyeze kutuma, na wauza samaki, kwa sababu ya jua na ya macho, huwa wamezifanya herufi za simu zao kuwa kubwa kadiri inavyowezekana. Wasioweza kusoma menyu humpa wakala simu. “Niingizie, mwanangu.” Naye huingiza, kwa sababu foleni ni ndefu, na kwa sababu anamjua mama tangu utotoni. Wakala mwenye wateja 40 wa kila siku ana namba za siri 20 kichwani bila kutaka. Wengi wao ni watu waaminifu kupindukia. Lakini mfumo unaoita namba hiyo “siri”, kisha ukajenga juu yake hukumu ya nani abebe hasara, umeanzia kwenye kitu ambacho ufukweni hakipo.

Nirudi kwenye ile 400,000, kwa maana nimeacha jambo lililo zito kuliko yote. Kampuni hupenda kusema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hela ya simu, methali hiyo imewahi mno. Hela ikitoka kwenye laini ya mama na kuingia kwenye laini ya mwizi haijamwagika bado. Imehama ndoo, na ndoo zote mbili ziko kwenye ghala la kampuni moja. Inamwagika pale mwizi anaposimama mbele ya wakala na kupewa noti. Katikati ya matendo hayo mawili kuna dakika, na kesi nzima iko ndani ya dakika hizo.

Usiku ule mwizi alitoa 250,000 kwa wakala wa kwanza. Kwa 150,000 zilizobaki wakala hakuwa na noti za kutosha. Kwa sababu gani mwizi hakwenda kwa wakala wa pili sijui, labda palikuwa pameshafungwa. Asubuhi mama alipofika dukani hela hiyo ilikuwa bado imekaa kwenye laini ya mwizi. Na ilikaa kwa siku tatu zaidi bila mtu kuizuia, wakati mama akielezwa kwamba kode ilikuwa sahihi. Ilizuiwa siku ya nne, ikarudi baada ya majuma. Zile 250,000 hazijarudi. Ukiuliza ni kitu gani kilichomwokolea mama 150,000, jibu ni uhaba wa noti kwa wakala mmoja.

Brazil walilijenga jambo hili kwenye mfumo wao wa malipo ya papo kwa papo, Pix. Tangu Novemba 2021, aliyeibiwa akilalamika kwa benki yake, benki ya aliyepokea inaizuia kwanza hela iliyopo, kisha pande mbili zina hadi siku 7 za kuchunguza. Kuzuia kwanza, kuuliza baadaye. Hata hao wamehangaika, kwani wezi huhamisha hela akaunti hadi akaunti kwa kasi, na mara nyingi kizuizi hukuta chungu kitupu. Kenya, aliyekosea kutuma kwa M-Pesa hupeleka meseji ya muamala kwenye namba 456 na kampuni hujaribu kuirudisha kama bado ipo, na kabla ya kutuma jina la mpokeaji huonekana. Hiyo ni dawa nzuri ya kosa la kidole. Kwa mwizi mwenye laini yako mkononi haifai kitu, maana yeye jina la mpokeaji analijua.

Watu wa Rumonge hawahitaji Brazil kuwafundisha hili. Waliokimbilia Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka 1972 waliporudi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu, wengine wakiwa wamepewa na serikali kwa karatasi safi kabisa. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006, kesi zikaenda miaka na miaka. Wazee waliozihudhuria watakwambia kwamba swali kali halikuwa shamba ni la nani. Kali zaidi lilikuwa: wakati tunasubiri uamuzi, mawese anavuna nani? Karatasi ya aliyekuwa ndani ilikuwa halali na muhuri wake wa kweli, kama vile kode ilivyokuwa sahihi. Na aliyevuna misimu mitano akisubiri hukumu hakuwa na haraka nayo. Sifananishi maumivu ya mwaka 1972 na faranga za ndagala. Nasema tu kwamba mji uliojifunza kwa gharama kubwa umuhimu wa kushikilia mali inayogombaniwa ungetegemewa kudai jambo hilohilo kwenye simu.

Kudai wapi? Burundi ina sheria ya mfumo wa taifa wa malipo ya Mei 2018, na msimamizi ni Benki ya Jamhuri ya Burundi. Huduma kama Lumicash na EcoCash ziko chini ya jicho lake kwa upande wa fedha, na ARCT ni msimamizi wa upande wa mawasiliano. Kurudishwa kwa laini ni jambo la mawasiliano, kutoka kwa hela ni jambo la malipo, na wizi mmoja hupita katikati ya ofisi hizo mbili kama mbuzi kwenye uzio uliooza. Barua yako ipeleke kote kuwili. Polisi nao wana sheria ya uhalifu wa mtandao ya tarehe 16 Machi 2022. Lakini elewa polisi wanakufanyia nini: wanamtafuta mtu. Anayeweza kuishika hela usiku uleule ni kampuni peke yake, na ukianzia polisi, ukapanga foleni, ukaandikisha maelezo, utakaporudi kwa kampuni mwizi ameshakula na kunawa.

Ndiyo maana nikiulizwa nini cha kufanya huwa naanza na simu yenyewe. Laini ikifa wakati ya jirani inafanya kazi, usingoje asubuhi. Azima simu, piga huduma kwa wateja, na ombi la kwanza liwe kufungwa kwa laini na akaunti yake, malalamiko yafuate. Neno la pili liwe “zuieni hela kwa aliyepokea”, na uombe namba ya lalamiko, uandike na saa. Saa hiyo ndiyo itakayokuja kubishaniwa. Tangu dakika uliyotoa taarifa, kila faranga inayotoka inatoka kwa uzembe wa aliyeambiwa. Ukiwa na namba ya lalamiko ya saa 2:30 na hela iliyotolewa kwa wakala saa 2:50, hata kampuni yenye wakili mkali itataka mzungumze.

Haya yote ni kwa hela iliyobaki ndani ya kampuni moja na nchi moja. Mwambao wetu hauishi hivyo. Anayenunua ndagala Rumonge ana laini ya Burundi na laini ya Tanzania kwenye simu moja yenye nafasi mbili, na biashara yake inagusa Kigoma, Kagunga, Uvira na Baraka. Mteja wa Kigoma humtumia mbadilishaji shilingi kwenye laini ya Tanzania, mbadilishaji humtumia mama faranga kwenye laini ya Burundi. Miamala miwili, kampuni mbili, benki kuu mbili, na kati yao neno la mdomo. Upande mmoja ukipingwa, upande wa pili hauonekani. Na waathirika wa huko hawalalamiki. Februari 2020 benki kuu yetu ilizifutia vibali ofisi za kubadilisha fedha, na ingawa baadaye vibali vilirudi, watu walikwisha kuzoea bei ya pembeni, iliyo mbali sana na bei rasmi. Mtu aliyeibiwa katikati ya ubadilishaji wa pembeni anajua swali la kwanza ofisini litakuwa lipi. Hunyamaza. Wezi wanaijua sana hiyo hofu, na nina hakika ndiyo inayowalisha kuliko ujanja wao wote wa kompyuta.

Wapo wanaosema ukiibebesha kampuni hasara, watu watajifanya wameibiwa. Wapo watakaojaribu, kweli. Uingereza tangu tarehe 7 Oktoba 2024 inamrudishia hata yule aliyedanganywa akatuma mwenyewe, hadi pauni 85,000, taasisi iliyotuma na iliyopokea zikigawana hasara nusu kwa nusu. Hiyo nusu ya mpokeaji ndiyo ninayoionea wivu, maana inamfanya aliyefungulia mwizi akaunti atazame vizuri kitambulisho anachopewa. Sidhani tuko tayari kwa yote hayo. Ninachoomba ni kidogo zaidi: anayedai kode ilikuwa sahihi atuonyeshe pia ilizaliwa saa ngapi.

Kesi ya mama ilifungwa kwa fomu. Ukurasa mmoja, mistari ya nukta, na karibu na mwisho swali lenye visanduku viwili: je, umewahi kumpa mtu mwingine namba yako ya siri? Tulikuwa tumekaa naye uani, mikeka ya ndagala imetandikwa, nikamsomea. Nilijua kisanduku gani kingemfaa. Akaniuliza, “Na yule mtoto ni mtu mwingine?” Nikasema kwa fomu hii, ndiyo. Binti yake ana miaka 14, na ndiye anayemsomea menyu tangu akiwa na 10, kwa sababu mama hakupata kukaa darasani. Ile namba ya siri ambayo binti aliijua ilikuwa imekwisha kufutwa usiku ule na aliyeiba, haikutumika hata kwa faranga moja. Mama akanishika mkono, akaniambia weka ndiyo, mimi sisemi uongo kwenye karatasi. Nikaweka.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Ombi la 250,000 limekataliwa kwa kuwa mteja amekiri kutoa namba yake ya siri.